Mashine Haimsomi

Jaribu tena, anasema kijana wa benki.
Nampangusa mama kidole kwa ncha ya kanga,
nakilaza juu ya kioo chenye mwanga mwekundu
taratibu, kama mtoto asiyetakiwa kuamka.
Taa inawaka. Taa inazima.
Jaribu cha kushoto.

Amekuja na mashine yake hadi wodini, hapa Newala,
bodaboda nimelipa mimi, kwenda na kurudi,
maana mama hawezi tena kulifikia dirisha
na dirisha halitaki kunisikiliza.
Mwanawe? Ndiyo.
Barua ya mtendaji? Hii.
Hati ya uwakilishi? Hii, na muhuri wa wakili,
elfu themanini, mbali na chai ya karani.
Basi bado kidole tu.

Kidole.
Miaka kumi na tisa alibangua korosho,
kwanza kiwandani; kiwanda kikafungwa, akahamia uani,
rungu na jiwe, majivu viganjani
eti yazuie mafuta ya ganda yasile ngozi.
Yalikula.
Utotoni tulimjua gizani kwa kutugusa:
vidole visivyo na mistari, vilaini kupita vyetu.
Tulidhani mama wote wako hivyo.

Wakili alinieleza huku akifuta miwani:
karatasi hii inaishi kadiri anavyoishi yeye.
Akikata roho nawe uko kaunta, unahesabu,
imekufa nayo. Rudisha.
Na madeni yake si yako, yatadai mali yake,
ila pale ulipoweka saini wewe.
Nikakumbuka mapokezi, saa nane usiku:
Mgonjwa, Esha Selemani Namkunda.
Ndugu wa karibu, mimi. Mdhamini, mimi.
Kalamu ilikuwa imefungwa kwa uzi wa bandeji.

Daftari langu sasa lina kurasa tatu.
Oksijeni. Dripu. Damu, ambayo haiuzwi,
lakini mtoaji lazima ale.
Mifuko minne ya salfa ya msimu uliopita:
chama cha msingi wanasema deni la salfa halina msiba.
Kaka Hashimu ametuma kutoka Dar: Tuko pamoja.
Hakuweka hata ya kutolea.
Mjomba Nantende kakaa kwenye benchi la nje,
anaulizia mikorosho ya Kitangari,
anauliza kwa upole, kama anayeulizia homa.

Sikudhani, mama akaita. Andika.
Nikafungua ukurasa wa nne.
Ndoo mbili za maji za mama Nanguo,
mwaka ule bomba lilipokauka hadi Ramadhani.
Shilingi elfu tatu na mia tano
za Binti Mkwanda, za ubani.
Na hospitali? nikamuuliza. Na salfa?
Hao wana karatasi, akasema, watakukumbusha.
Wasio na karatasi watangulize.

Kidole cha tisa. Taa inawaka. Taa inazima.
Kijana anaanza kukunja waya, anaona haya.
Kimebaki cha mwisho, cha mkono wa kushoto,
kile alichokuwa akikiinua kila anaposhika ganda,
nasi tukimcheka, tukisema anakunywa chai ya wazungu.
Mashine ikalia kama kifaranga.
Jina lake likatokea, majina yote matatu.

Imesema nini?
Imesema ni wewe, mama.
Akafumba macho.
Kwani muda wote huo ilidhani nani?

Jioni nikaenda kwa Binti Mkwanda.
Alikuwa anachambua choroko, hakuinuka.
Akazihesabu noti, akaitazama sarafu,
akanirudishia ile mia tano.
Ilikuwa elfu tatu, akasema. Mama yako anazidisha.

Nimelifungua daftari, nimelifunga.
Mia tano hii sijui niiandike upande gani.